Mji Uliokomea Darajani

Otylia Wrzos aliwakuta mafundi wawili wakichimba shimo mahali pasipostahili, na kwa kuwa alikuwa amefundisha shule kwa muda mrefu kuliko umri wa mafundi wale, hakuweza kupita kimya. Alishuka kwenye baiskeli, akaiegemeza kwenye ukingo wa daraja, akauliza wanachimba nini.

"Bango la mji, bibi," alisema fundi mwenye ndevu bila kuinua kichwa.

Kweli, bango lilikuwa limelazwa kwenye majani yenye umande, la kijani, limeandikwa GRODZINY kwa herufi nyeupe. Otylia alilitazama mpaka macho yakamlowa. Kisha akalitazama shimo, akatabasamu kwa huruma, maana makosa ya mafundi kwetu Grodziny si jambo geni. Wenzao waliwahi kusimika nguzo ya taa katikati kabisa ya njia ya kanisani, na tangu hapo maandamano ya sikukuu huizunguka ile nguzo, paroko mbele na sanamu ya Bikira nyuma, kama vile nayo ni ya kuheshimiwa.

"Mmekosea mahali, wanangu," alisema. "Hapa ni katikati ya mji. Mji unaishia kule juu, baada ya nyumba ya mwisho ya Ng'ambo, penye msalaba wa njia panda. Pakieni vitu vyenu mkachimbe kule."

Fundi mwenye ndevu alimjibu kwamba wao huchimba walipoambiwa, na walipoambiwa pana kigingi chekundu. Otylia alikiona kigingi. Akasema basi kigingi nacho kimekosea.

"Kigingi hakijatembea chenyewe, bibi," alisema yule wa pili. "Kuna mtu kakipiga nyundo."

Aliwaambia wasimamishe kazi mpaka arudi na mkuu wa kata. Akapanda baiskeli, akakanyaga kuelekea uwanjani na magoti yake yakimlalamikia, na njia nzima alikuwa akimsikitikia huyo mtu mwenye nyundo, jinsi atakavyoaibika.

Mtu asimcheke. Grodziny ilikuwa mji tangu enzi za wafalme, ina gulio lake na mizani yake. Kisha babu zetu wakamwasi Kaisari wa Urusi, wakashindwa, naye akaiadhibu miji iliyowaficha waasi kwa kuivua umji. Kwa kalamu tu. Nyumba zikabaki zile zile na uwanja wa soko ule ule, ila tangu siku ile Grodziny ikaitwa kijiji, na watu wake hawajalikubali jambo hilo hata siku moja. Mwite muuza nyama wa uwanjani "mwanakijiji" uone atakavyokupimia mifupa.

Lakini uwanja uko upande mmoja tu wa mto. Ukivuka daraja la mto Olszanka unafika Zarzecze, yaani Ng'ambo, na watu wa uwanjani hawajawahi kuihesabu Ng'ambo kuwa kitu, isipokuwa mahali maziwa yanakotoka. Otylia alizaliwa uwanjani, binti wa fundi saa. Akampenda Walenty wa Ng'ambo, mfuga ng'ombe, kijana wa mabega mapana na maneno machache. Baba yake alimwambia kwamba msichana anayevuka daraja kwenda kuolewa amerudi nyuma miaka mia, na harusini hakutia mguu. Otylia akavuka. Kila asubuhi alivuka tena kuja kufundisha historia na jiografia, na kila jioni alirudi kwa mumewe, na katikati ya kwenda na kurudi huko ndipo alipoligundua jambo lililoyashika maisha yake.

Jambo lenyewe ni hili: mji ulianzia Ng'ambo. Kile kilima nyuma ya banda la Walenty, ambacho ng'ombe walikuwa wakikichezea kwa kwato, kilikuwa ngome. Mfalme alipoipa Grodziny umji, aliwapa watu wa kilimani. Baadaye mto ukafurika, ukahama njia yake, nao watu wakasogea kwenye udongo mkavu ambako leo ndiko uwanjani. Otylia aliwaleta wasomi wenye majembe madogo na brashi, wakachimba, wakapata boriti za mwaloni zilizoungua. Tangu hapo aliweza kumwambia yeyote kwamba Ng'ambo ndiyo mama na uwanja ndio mtoto. Angependa kumwambia baba yake kwanza, lakini mzee alikuwa amekwisha kuzikwa.

Basi aliposimama kudai umji urudi, hakudai kama watu wa uwanjani, wanaotaka tu waitwe watu wa mjini. Alidai mji mzima, kilima na uwanja, pande mbili za mto. Alikwenda nyumba kwa nyumba, alikaa kwenye vikao visivyo na mwisho, na ramani ya maombi aliichora kwa mkono wake, Ng'ambo ikiwa ndani yote mpaka msalabani. Kiangazi serikali ilipotangaza kwamba kuanzia Mwaka Mpya Grodziny itakuwa mji tena, walimpa maua uwanjani, bendi ya zimamoto ikapiga, naye akalia mbele za watu bila haya. Tangazo lenyewe hakulisoma mpaka mwisho. Nani akakague ramani aliyoichora mwenyewe?

Mkuu wa kata aliitwa Seweryn Pakuła. Otylia alimfundisha, na bado alimkumbuka akiwa dawati la nyuma akila mbegu za alizeti. Seweryn alipomwona mlangoni alinyanyuka, akamwambia aketi kwanza, aletewe chai.

"Sitaki chai. Kigingi cha bango kimepigwa darajani. Mpigie simu aliyekipiga, mafundi wanasubiri."

Seweryn alilitazama dirisha, akautazama mmea uliokuwa dirishani, akalitoa jani moja lililokauka. Kisha akasema kigingi kiko mahali pake.

Alimweleza polepole, kwa sauti ile watu wanayotumia hospitalini. Serikali inataka mji uwe na watu wa mjini, watu wengi wasioishi kwa kulima na kufuga. Ukiiweka Ng'ambo ndani, hesabu inaharibika, ng'ombe wanazidi. Maombi ya kwanza yalirudi kwa sababu hiyo hiyo, kimya kimya. Ikabidi mpaka upite mtoni.

"Na ramani yangu?"

"Ramani yako ilikuwa nzuri sana, mwalimu. Tuliikata tu."

Otylia aliketi. Alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, kwamba wameuacha mji nje ya mji. Seweryn alikubali kwamba kihistoria ni hivyo. Akasema yeye hakumfukuza mtu. Akasema jambo hili lilipelekwa kwa watu wa Ng'ambo wenyewe, katika ukumbi wao wa zimamoto, mwezi wa pili theluji ikiwa magotini, nao wakainua mikono kukubali wabaki nje.

"Mwezi wa pili nilikuwa kwenye maji ya tiba, kwa ajili ya magoti," alisema Otylia.

"Najua. Nilidhani nyumbani walikwambia."

Neno hilo lilipita sikioni mwa Otylia bila kutua, maana alikuwa amekwisha kuanza kutafuta mlango wa kutokea. Aliuliza kama yaliyofanyika yanaweza kutenguliwa. Seweryn, ambaye kuanzia Mwaka Mpya angeitwa meya na alitaka kufika huko bila kelele, alisema kwamba wakija wenyewe wakisema sasa wanataka kuingia, yeye ni nani akatae? Atalipeleka barazani, mpaka utachorwa upya mwaka unaofuata. Wana mkutano Jumapili hii baada ya misa, kwa sababu sehemu iliyobaki nje haiwezi kuitwa Grodziny, inahitaji jina lake.

"Walisema jina watakuomba wewe," aliongeza. "Wewe ndiye mwenye historia."

Aliporudi darajani, mafundi walikuwa wamekwenda. Bango lilikuwa limesimama, na zege chini yake bado bichi.

Hakuenda nyumbani. Alikwenda kwa Genowefa Ćwik, mwenyekiti wa Ng'ambo, mwanamke aliyekuja kumpokea na mkate na chumvi siku alipovuka akiwa bibi arusi, wakati wengine walikuwa wakichungulia kwenye mapazia. Tangu hapo walikuwa chanda na pete. Majira hayo ni ya kabichi, na alimkuta bandani, mikono ya gauni imekunjwa, akiikandamiza kabichi iliyokatwakatwa ndani ya pipa mpaka itoe maji yake. Kila mwaka waliifanya kazi hiyo pamoja. Mwaka huu alikuwa ameanza peke yake.

"Umechelewa," alisema Genowefa. "Nawa mikono."

"Genia, mliinua mikono?"

Genowefa hakuuliza mikono gani. Alirusha konzi ya chumvi, akaendelea kukandamiza. "Nani kakwambia?"

"Kigingi."

Basi likatoka lote, vipande vipande, kati ya tabaka moja la kabichi na jingine. Mjini kodi ya nyumba inapanda. Mjini ile ruzuku ya vijiji, iliyowajengea paa la ukumbi, inakatika. Mjini jirani mpya akihamia, harufu ya nguruwe inakuwa kesi. Watu waliogopa. Ndiyo, walizungumza. Ndiyo, waliinua mikono.

"Na hukuniambia. Tumekula meza moja Pasaka yote, hukuniambia."

"Ungetuacha tuamue? Ungetuletea kilima chako mezani, ungetuonesha boriti, na sisi tungeona haya, tungekubali. Kilima hakilipi kodi, Otylka. Sisi tunalipa."

Hapo Otylia akakumbuka safari ya maji ya tiba. Watu husubiri nafasi ile mwaka na zaidi. Yake ilikuja ghafla, eti mtu kaahirisha, na aliyepiga simu huku na kule kuihangaikia ni Genowefa, kupitia binamu yake aliye mapokezi huko. Nenda, magoti hayo hayatajiponya yenyewe, walimwambia. Wiki nzima alilala kwenye matope ya moto akiwaandikia kadi za kuwashukuru, na wao huku wanakutana. Asiyekuwepo na lake halipo, nao walihakikisha hayupo.

"Mlinipeleka kuloweka magoti ili mpate kuniuza," alisema.

Genowefa aliacha kukandamiza. Uso ulikuwa umemwiva, na kwa mara ya kwanza alimtazama. "Fikra haikuwa yangu. Hilo nakuapia."

"Ilikuwa ya nani?"

"Njoo Jumapili uwaulize wote."

Otylia hakuhitaji kuambiwa. Alijiuliza mwenyewe, na akajijibu: Seweryn. Seweryn anautaka umeya, Seweryn kaja na hesabu zake za ng'ombe, kawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wao, watu wema wasiojua, wakamwamini. Alilisema kwa sauti. Genowefa hakulikataa wala hakulikubali, aliinamia pipa. Na kwa sababu mtu huwa anapenda kusalitiwa na aliye mbali kuliko aliye karibu, Otylia alinawa mikono, akakunja mikono ya sweta, akasaidia kulimaliza lile pipa.

Nyumbani Walenty alikuwa amekwisha kukamua, anapasha supu ya biti. Yeye ndiye aliyepika tangu magoti yaharibike, na alipika vizuri, bila kujisifu. Otylia alimweleza yote: bango, Seweryn, ramani iliyokatwa, Genowefa na kabichi. Alieleza akitembea jikoni, mlango mpaka dirisha. Walenty alisikiliza akikata mkate, na vipande vikawa vingi kuliko walivyoweza kula.

"Jumapili nitawasemesha," alisema Otylia. "Wakisikia walivyodanganywa, watageuka. Hawa watu nawajua."

"Usiende," alisema Walenty.

"Kwa nini nisiende?"

"Baridi. Na hayo magoti."

Otylia alimshika bega, akambusu kwenye kipara. Alifikiri, mume wangu, dunia nzima imenizunguka, huyu anawaza magoti yangu. Akaketi kuandaa maneno yake. Walenty alileta mashine ya kukamulia mezani, akaifungua, akaanza kusafisha mipira yake mmoja mmoja. Mara moja aliita, "Otylka." Alipoinua macho, akasema aache tu, alitaka kujua kama chumvi ilitosha kwenye supu.

Jumapili ukumbi wa zimamoto ulijaa. Gari la zimamoto lilikuwa limetolewa nje ili viti vienee, na bado wanaume walisimama nyuma penye jiko la kuni, kofia mikononi, viatu bado vya misani. Genowefa alifungua mkutano, akasema ajenda ni jina la kijiji, akasema mwalimu ameomba neno kabla, na akaketi upesi.

Otylia alizungumza vizuri kuliko siku ya maua. Hakuwaonesha ramani wala boriti. Alizungumzia mambo wanayoyajua: mafuriko yaliyowafanya walale juu ya paa la ukumbi huu huu, na watu wa uwanjani wakiwaletea mkate kwa mitumbwi, jinsi watoto wao wanavyotaniwa shuleni kwamba wananuka maziwa, jinsi yeye mwenyewe alivyokuja hapa akiwa msichana, akachagua kuwa wa hapa. Alisema hajaja kumlaumu mtu. Alisema kuna mmoja aliyeutaka umeya, akawatisha kwa kodi, akawafanya waikatae haki yao kwa mikono yao wenyewe, na kwamba kosa la namna hiyo linarekebishika wakisema leo kwamba hawakuelewa. Wengine waliinamisha vichwa. Mwanamke mmoja mbele alikuwa akifuta macho.

"Sitaki maelezo," alimaliza. "Nataka kitu kimoja. Aliyeinua mkono siku ile mimi sipo, auinue sasa nikiwepo."

Watu wa Ng'ambo si waoga. Wamewahi kumrudisha dume zizini kwa ufagio, na Olszanka wanaivuka ikiwa na barafu nyembamba. Lakini siku hiyo hakuna aliyejikuna hata pua. Kuni zilipasuka jikoni. Mtu alikohoa akajuta. Otylia alizungusha macho safu kwa safu, na kadiri asivyouona mkono, ndivyo moyo wake ulivyopanda, mpaka akatabasamu.

"Mnaona," alisema. "Hakuna."

Ndipo mkono ukainuka kule nyuma, penye jiko. Ulikuwa mkono mkubwa, wenye kovu la waya kwenye kiganja, na Otylia alilijua kovu hilo kwa sababu ni yeye aliyekifunga kidonda chake.

"Walek, subiri," alisema, bado anatabasamu. "Utasema baadaye."

"Sisemi," alisema Walenty. "Nimeinua."

Hakuushusha. Alisimama hivyo, kofia katika mkono mwingine, akimtazama mkewe machoni, na kwa kuwa yeye aliinua, wengine nao wakaanza, mmoja huku, wawili kule, kisha safu nzima, na yule mwanamke aliyekuwa akifuta macho akauinua mkono na kitambaa chake. Genowefa aliinua wa kwake mezani. Mwishowe ukumbi mzima ulikuwa mikono, na Otylia peke yake hana wa kuinua.

Mzee mmoja wa safu ya mbele, ambaye hakuwa na nia mbaya na alidhani anasaidia, alisema, "Yeye ndiye aliyetoa hoja, mwalimu. Walenty. Na akasema usisumbuliwe, uende kwenye maji yako upumzike. Sisi tulidhani mmekubaliana nyumbani."

Hakuna kitu alichoambiwa maishani kilichomkata Otylia kuliko hilo la kukubaliana nyumbani. Alitafuta koti lake. Halikuwa limepotea, lilikuwa mgongoni mwake. Mikono ikashuka kwa aibu, na Genowefa, ambaye kazi yake ilikuwa jina, aliuliza kwa sauti ndogo, "Na jina, mwalimu?"

"Mwulizeni mwenye hoja," alisema Otylia, akatoka.

Walenty alimfuata. Njia ya kwao ni moja na nyumba ni moja, kwa hiyo hata aliyesalitiwa na aliyesaliti walilazimika kwenda pamoja, yeye mbele na mumewe hatua chache nyuma, kama wakati ule wa uchumba walipokuwa wakijificha wasionekane wameongozana. Walifika chini ya kilima ndipo aliposimama.

"Kodi?" aliuliza. "Uliniuza kwa ajili ya kodi?"

"Kodi ilikuwa yao. Niliwaambia habari ya kodi kwa sababu hiyo walikuwa wakiielewa."

"Na wewe?"

Walenty alivaa kofia, akaivua tena. Si mtu wa kusema, na yale aliyoyasema pale huenda alikuwa ameyabeba kwa miaka, maana yalitoka yakiwa tayari. Alisema wageni wakija nyumbani kwao, Otylia huwapeleka kilimani, huwaonesha ngome, huwaambia hapa ndipo mji ulipoanzia. Hupita nao mbele ya zizi.

"Hujawahi kumwonesha mtu ng'ombe wangu," alisema. "Hata siku moja. Watu wanapita mlangoni mwa zizi, mimi niko ndani, wewe unawaambia habari za mfalme."

"Walek, hilo ni jambo la..."

"Baba yako alisema umeolewa nyuma ya mji. Wewe ungeweza kumwambia: ndiyo, na nimempenda. Badala yake ukaanza kuchimba. Maisha yetu yote unachimba, upate kuonesha kwamba ulipoolewa ni mahali pa maana. Nikawa nangoja siku utakayosema kwamba pana maana kwa sababu mimi nipo. Serikali ingekupa ule mji, basi ungekuwa umeshinda, na mimi ningebaki mtu wa kwenye kilima chako. Nilichoka."

Otylia alihisi hasira mpaka kwenye meno. Hasira ilimjia kwa sababu aliuzwa, na kwa sababu aliyemuuza alikuwa amebusiwa kipara, na kwa sababu katika yale maneno kulikuwa na kitu asichoweza kukifuta.

"Ungeniambia," alisema. "Mimi ni mkeo. Ungefungua mdomo ukaniambia."

"Ungeniletea ushahidi."

Hakucheka aliposema hivyo, wala hakuwa akitania. Ng'ombe waliosikia sauti yake walianza kulia zizini, saa yao ilikuwa imefika. Alisubiri kidogo, labda aambiwe lolote, hata tusi. Mumewe akapita, akaenda kukamua. Otylia aliingia ndani, akavuta kitanda cha wageni kwenye chumba cha vitabu, akakitandika. Walenty aliporudi na ndoo aliuona mlango umefungwa, akaweka kikombe cha maziwa chini, nje ya mlango. Asubuhi kikombe kilikuwa palepale na utando juu.

Watu husema aliondoka Ng'ambo siku ileile, wengine wanasema alikwenda kwa wakili. Hayo ni maneno ya watu wa uwanjani wasio na kazi. Hakuondoka, alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba hakuna mahali pa kwenda. Ila asubuhi ile ya Jumatatu alivaa koti, akavuka daraja kwa miguu, hakulitazama bango, akaingia kwenye duka la mikate la uwanjani. Kulikuwa na foleni, na zamu yake ilipofika, muuzaji, binti aliyemfundisha kusoma ramani, akampokea kwa furaha yake ya siku zote. Habari zilikuwa bado hazijavuka mto.

"Mwalimu, na baridi hii yote? Umetoka wapi mapema namna hii?"

Otylia alifungua mkoba atafute pesa. Akauweka mkoba juu ya meza ya duka.

"Nimetoka kijijini," alisema.